Ana miaka sita na nusu, bado anakojoa kitandani: nimchape, nimtibu au nimsubiri?

Swali: "Mwanangu wa kiume ana miaka sita na nusu. Mchana aliacha nepi akiwa na miaka mitatu, lakini usiku hajawahi kumaliza hata wiki moja akiwa mkavu. Kwa wiki anakojoa kitandani siku tano, pengine sita. Mdogo wake wa kike ana miaka minne na ameshaacha. Tumemkataza kunywa chochote kuanzia saa kumi jioni. Saa tano usiku namwamsha, namsindikiza chooni, anakojoa, lakini alfajiri nakuta ameloa tena. Mchana hana shida, ila ana tabia ya kungoja hadi mkojo umbane kabisa ndipo akimbilie chooni. Haja kubwa anakwenda kila baada ya siku tatu au nne, hajawahi kulalamika. Baba yake anasema ni uvivu tu, dawa yake fimbo. Mama mkwe ananiambia nisihangaike kwa sababu baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, ila mwenyewe anakana. Sasa mtoto anakataa hata kwenda kulala kwa binamu zake. Je, ni ugonjwa? Kuna dawa? Au nimwache tu akue?"

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuamka kila siku na mashuka ya kufua. Umeuliza maswali matatu, yote nitayajibu. Lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili uliyoyapitia juu juu kana kwamba hayana uzito: kwamba mchana anangoja hadi abanwe kabisa, na kwamba haja kubwa anaipata kila baada ya siku tatu au nne. Mimi ningeanzia hapo hapo. Kabla ya hapo, tumalize suala la fimbo.

Mwanao hakojoi kwa kupenda. Mkojo unamtoka akiwa usingizini, na anachokijua yeye ni kwamba amezinduka akiwa ameloa. Adhabu inaweza kumfundisha mtoto kuacha jambo analoamua kulifanya, kama kumpiga mdogo wake. Jambo linalotokea akiwa hana habari haliachiki kwa fimbo, kwa kuaibishwa, wala kwa kutishiwa kwamba wenzake wataambiwa. Watoto wanaoadhibiwa kwa ajili ya hili nimewaona wakificha nguo mbichi chini ya godoro, wengine wakijilazimisha kukesha, na bado wakaloa pale usingizi ulipowashinda. Hakuna hata mmoja niliyemwona akipona kwa njia hiyo. Na kama kaya yako ni kama nyingine, mtoto wa kwanza kumwita "kikojozi" atakuwa ndugu yake. Hilo nalo likatazwe waziwazi, mbele ya wote.

Kuhusu kumlinganisha na mdogo wake, mwacheni kijana wa watu. Wavulana wanaokojoa kitandani ni karibu mara mbili ya wasichana, na kila mtoto hukomaa kwa saa yake. Kati ya watoto 100 wenye miaka 5, takriban 15 bado wanaloa usiku. Kwa miaka 7 wanabaki kati ya 5 na 10, kwa miaka 10 ni kama 5, na utu uzimani hubaki mmoja au chini ya hapo. Sisi hatuliiti tatizo kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Kwa hiyo mwanao amevuka umri wa kusema "bado mdogo", lakini hayuko peke yake. Katika darasa la watoto wa umri wake, ni jambo la kawaida kabisa kukuta wenzake wawili au watatu wenye siri hiyo hiyo.

Mama mkwe naye asidharauliwe. Hali hii hurithiwa kwa nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Ikiwa hakuna mzazi aliyewahi kuwa nayo, uwezekano wa mtoto kuipata ni takriban asilimia 15. Akiwa nayo mzazi mmoja, unapanda hadi kama 44; wakiwa nayo wote wawili, unafika kama 77. Mumeo huenda anakana kwa sababu amesahau, huenda kwa sababu anakumbuka vizuri sana. Vyovyote iwavyo, baba anayeweza kumwambia mtoto wake, "Hata mimi nilikuwa hivi, nikaacha," anampa kitu ambacho sisi wahudumu wa afya hatuna cha kukifananisha nacho. Mshawishi kwa upole, mkiwa wawili, na si mbele ya mama yake.

Sasa, kwa nini inatokea? Mambo matatu hukutana. La kwanza ni mkojo wenyewe. Usiku, ubongo huongeza homoni iitwayo vasopresini, ambayo huzifanya figo zirudishe maji mwilini badala ya kuyapeleka kwenye kibofu. Ndiyo maana mkojo wa asubuhi huwa mzito wa rangi. Kwa baadhi ya watoto ongezeko hilo huchelewa, na figo huendelea kutengeneza mkojo usiku kana kwamba ni mchana. La pili ni kibofu: kuna ambacho hubeba kidogo, na kuna chenye papara ambacho hujikamua kabla hakijajaa. La tatu ni usingizi, na bila hili la tatu usingeniandikia kabisa, kwa sababu mtoto mwenye mkojo mwingi au kibofu kidogo ambaye anaamka huenda tu chooni na kurudi kulala. Wa kwako, taarifa kwamba kibofu kimejaa inafika kwenye ubongo lakini haimwamshi. Uvivu hauna nafasi katika mnyororo huo.

Mambo haya matatu hayagawanyiki sawa kwa kila mtoto, na namna anavyoloa hutoa fununu. Anayeloa mara moja, mapema usiku, shuka zikawa chapachapa, na mchana hana lolote, nadhania zaidi mkojo mwingi wa usiku. Anayeloa zaidi ya mara moja, na mchana hubanwa ghafla, nadhania zaidi kibofu. Mwanao anakojoa chooni saa tano usiku, kisha kabla ya asubuhi ameloa tena. Na mchana anangoja hadi mwisho. Kwa hiyo uliposema mchana hana shida, hapo sikubaliani nawe. Mtazame siku moja bila yeye kujua. Je, anakunja miguu, anarukaruka akiwa katikati ya mchezo, au anachuchumaa ghafla na kukalia kisigino? Huko ni kubana mkojo, na mtoto anayeubana kila siku ana kibofu kisicho na utaratibu. Chupi yake ikiwa na unyevunyevu jioni, hata kidogo, hilo nalo ni kuloa mchana, na mtoa huduma wa afya anapaswa kuelezwa.

Haja kubwa ndiyo iliyonishtua zaidi. Sehemu ya mwisho ya utumbo iko nyuma kabisa ya kibofu, ndani ya nafasi finyu ya nyonga. Ni kama abiria wawili katika kiti cha mtu mmoja: mmoja akinenepa, mwenzake hubanwa. Kinyesi kikikaa siku tatu au nne, hukauka, huongezeka, na kukisukuma kibofu kisipanuke inavyotakiwa, au kukichokoza kijikamue ovyo. Wazazi wengi hawaunganishi mambo haya mawili, na mtoto hawezi kulalamika kwa sababu hajui hali nyingine. Umri huu wengi hujisafisha wenyewe, kwa hiyo ni rahisi mzazi asijue kinachoendelea. Mwambie asimwage maji kwanza, uangalie mwenyewe. Kikiwa vipande vigumu mithili ya kokoto, au ni donge kubwa kupita kiasi kwa mtoto wa umri wake, au akiacha alama za kinyesi kwenye chupi, basi amefunga choo hata kama anaenda.

Hilo ndilo la kushughulikia kwanza, na kuna watoto ambao kwa kutibiwa choo peke yake huacha kuloa. Mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na maji ya kutosha ndio msingi. Kisha mkalishe chooni kila siku baada ya mlo, dakika tano hadi kumi, bila haraka na bila ugomvi. Miguu isining'inie, weka kigoda chini ya nyayo, magoti yapande juu kidogo ya usawa wa nyonga, aegemee mbele. Ukiona jambo dogo hili la kigoda ni upuuzi, jaribu wewe mwenyewe kujisaidia ukiwa umening'inia. Lakini kama choo kimekuwa kigumu kwa miezi, chakula peke yake hakitatosha. Atahitaji dawa ya kulainisha choo atakayopangiwa na daktari, na itatumika kwa wiki nyingi, mara nyingine miezi, si siku tatu. Kosa la kawaida ni kuiacha mara tu anapopata choo laini. Utumbo uliotanuka bado haujarudi ulivyokuwa, na baada ya mwezi mnarudi mlikoanzia.

La pili ni maji, na hapa itabidi mbadilishe mnachofanya. Najua kumnyima maji tangu saa kumi jioni kunaonekana kuwa na mantiki: kisichoingia hakitatoka. Mwili haufanyi kazi hivyo. Mtoto anayekunywa kidogo hupata choo kigumu zaidi, na kibofu chake hakipati nafasi ya kuzoea kujaa. Zaidi ya hapo, mtoto mwenye kiu atakunywa tu, kwa kujificha na kwa mkupuo. Kwa umri wa miaka 4 hadi 8, lengo ni takriban lita 1 hadi lita 1.4 kwa siku, ukijumlisha vinywaji vyote, na zaidi kukiwa na joto au akicheza sana. Kinachobadilika ni ratiba. Anywe vizuri asubuhi, anywe akiwa shule, anywe tena anaporudi, na chakula cha jioni kikiwezekana kiwe mapema. Saa moja au mbili kabla ya kulala ndipo vinywaji visimame. Chai, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viwekwe kando kabisa kwa sababu ya kafeini.

Pamoja na maji, aende kukojoa kwa ratiba: akiamka, kila baada ya saa mbili hadi tatu mchana, na kabla ya kulala. Kwa siku iwe kati ya mara 4 na 7. Usimuulize, "Umebanwa?" Atasema hapana, maana anacheza. Mwambie tu kwamba wakati umefika. Mwalimu wake naye aelezwe faragha kwamba mtoto huyu aruhusiwe kutoka bila maswali, kwa kuwa watoto wengi wanaobana mkojo hujifunzia tabia hiyo darasani. Wakati wa kulala, akojoe, apige mswaki, mzungumze kidogo, kisha akojoe tena. Kuna ushauri wa zamani kwamba mtoto azoezwe kubana mkojo muda mrefu ili kibofu kipanuke. Kwa mtoto ambaye tayari anabana kama wako, usiujaribu.

Ningependa pia mpime. Chukua jagi lenye alama za mililita, na kwa siku mbili ambazo yuko nyumbani, akojoe humo kila mara, nawe uandike saa na kiasi. Weka kando ule wa kwanza wa asubuhi, kisha tazama kiwango kikubwa kuliko vyote. Kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kuchukua umri wake, kuongeza moja, na kuzidisha kwa 30. Kwa mtoto wa miaka 6 hutoka mililita 210. Akiwa hafikii hata nusu ya hapo, tatizo la kibofu limejionyesha lenyewe, na karatasi hiyo itamfaa daktari kuliko maelezo ya mdomo ya nusu saa. Watoto wengi huupenda upimaji huu, hasa wavulana, ambao huugeuza mashindano.

Sasa kumwamsha saa tano usiku. Huko si kosa, na halimdhuru. Lakini kunasaidia shuka, hakumfundishi mtoto. Wewe ndiye unayesikia kengele ya saa yako, wewe ndiye unayeamka. Yeye anatembezwa huku macho yamefumba na anakojoa akiwa nusu usingizini, jambo lile lile tunalotaka aliache. Kama unafanya hivyo kwa sababu kuna wageni au umechoka kufua, endelea bila kujilaumu, ila umwamshe hadi ajue yuko wapi. Kama unafanya hivyo ukiamini ndiyo tiba, jipumzishe, ulale.

Badala ya kupigana na usiku, urahisishie usiku wenyewe. Tandika godoro hivi: mpira au plastiki, juu yake shuka, juu yake mpira mwingine, juu yake shuka nyingine. Akiloa saa nane usiku, unavuta tabaka la juu, chini kuna kitanda kikavu, na wote mnarudi kulala ndani ya dakika mbili. Weka nguo ya kubadilisha na taulo karibu, na taa ndogo ya kumwonyesha njia ya chooni, maana wapo watoto wanaozinduka lakini wanaogopa giza. Nepi za usiku nazo hazimchelewishi kama inavyosemwa. Mkiwa safarini au mkizidiwa, zitumieni, ila mara kwa mara mjaribu usiku kadhaa bila hizo.

Asubuhi akiwa ameloa, maneno yawe machache: "Haya, tusaidiane kutoa shuka, kisha ukaoge." Kuoga ni lazima, ili asiende shule na harufu. Kusaidia kutoa shuka si adhabu mradi sauti yako haiwi ya adhabu. Na zawadi? Zipo, lakini zisiwe za kuamka mkavu, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwake. Mtoto aliyeahidiwa nyota kwa usiku mkavu akaikosa siku kumi mfululizo hujifunza kwamba amefeli mara kumi. Mpe nyota kwa yale anayoyaweza: amekunywa maji shuleni, amekaa chooni baada ya kula, amekojoa mara mbili kabla ya kulala. Na ukishampa, usimnyang'anye.

Fanyeni haya kwa wiki sita hadi nane. Hali ikibaki vile vile, kuna tiba mbili za kweli.

Ya kwanza ni kengele ya mkojo. Ni kifaa chenye kitambuzi kinachowekwa kwenye chupi au chini ya shuka, nacho hulia mara tu kinapopata unyevu. Si kitu kipya: Orval Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae Mowrer waliandika juu ya njia hii Marekani mwaka 1938, na mpaka leo haijapitwa kwa matokeo ya kudumu. Kwa wiki za mwanzo kengele itawaamsha watu wote ndani ya nyumba isipokuwa mhusika. Ni lazima mmoja wenu ainuke, amwamshe, yeye mwenyewe aizime, aende kumalizia chooni. Baada ya muda utaona doa la shuka linapungua, kisha anaamka kwa mlio, kisha anaamka kabla ya mlio au analala hadi asubuhi. Inachukua miezi miwili hadi mitatu, na husimamishwa akishakuwa mkavu usiku 14 mfululizo. Takriban theluthi mbili ya watoto hukauka wakiwa nayo. Baadhi hurudia baadaye, na wakirudia kengele huanzishwa tena. Kama baada ya wiki nne hakuna dalili hata moja ya mabadiliko, iache, huenda wakati wake haujafika.

Niseme wazi: kengele haifai katika nyumba ambayo bado kuna hasira juu ya mtoto. Mlio wa saa nane usiku, baba aliyechoka na anayeamini huu ni uvivu, na mtoto anayetetemeka: hapo mnaongeza hatari, si tiba. Maelewano na mumeo yaje kwanza, kengele baadaye.

Ya pili ni dawa iitwayo desmopresini, ambayo huiga kazi ya ile homoni ya usiku. Kwa kawaida tunaanza kuifikiria mtoto anapokaribia miaka 7. Uzuri wake ni kasi: kwa wanaoitikia, matokeo huonekana ndani ya siku chache. Ubaya wake ni kwamba inafanya kazi siku inapotumiwa. Wengi wakiiacha hurudi walipokuwa. Na ina sharti moja lisilochezewa. Kuanzia saa moja kabla ya kuimeza hadi saa 8 baadaye, mtoto asinywe zaidi ya funda dogo, kwa sababu figo zimeambiwa zihifadhi maji, na akinywa mengi, chumvi ya damuni hushuka hadi kuleta maumivu ya kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, hata degedege. Akiwa na homa, anatapika au anaharisha, siku hiyo haipewi. Ile ya kupuliza puani isitumike kabisa kwa tatizo hili. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa katika matumizi haya mwaka 2007 kwa sababu ya hatari hiyo hiyo. Kwa mtoto ambaye naona shida kubwa iko kwenye kibofu na choo, kama wako, desmopresini si chaguo langu la mwanzo. Kuna dawa nyingine ya zamani, imipramini, ambayo bado huandikwa hapa na pale. Ikizidi kiasi hudhuru moyo, na watoto wadogo wamepoteza maisha kwa kumeza vidonge vya ndugu zao. Ukiandikiwa hiyo kama hatua ya kwanza, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Na kumsubiri? Ni chaguo halali, ilimradi mtoto hateseki na dalili za hatari nitakazozitaja hazipo. Kila mwaka, takriban watoto 15 kati ya 100 wenye hali hii huacha wenyewe. Ndiyo maana kila dawa ya kuokoteza ina mashahidi wake: kuna mtoto aliyekuwa amekaribia kuacha, akapewa, akaacha. Lakini wanaoloa karibu kila usiku huchelewa zaidi kuliko wanaoloa mara moja moja, na mwanao tayari anajinyima binamu zake. Kwa hiyo kwake nisingesubiri tu.

Kuhusu hao binamu, mruhusu, kwa maandalizi. Mweleze mama mwenye nyumba peke yake. Begini kuwe na mpira wake wa kutandika, nguo ya akiba na mfuko wa kutia nguo mbichi, na nepi ya usiku atakayoivaa chooni mlango ukiwa umefungwa. Wakati wa kuondoka asubuhi usimuulize mbele za watu kama aliamka mkavu. Akikataa bado, usimlazimishe.

Nenda naye kituo cha afya hata sasa, kwa ajili ya choo. Lakini nenda haraka zaidi, bila kungoja wiki sita, ukiona ana kiu isiyoisha, anakojoa mno mchana na anakonda, kwani kisukari cha watoto huweza kuanza hivyo na huenda mbio. Vivyo hivyo akiumia anapokojoa, mkojo ukiwa na damu, akiwa na homa isiyo na sababu; mkojo ukitoka kwa matone au akilazimika kusukuma; akianza kuchechemea, miguu ikilegea, au akiwa na shimo, uvimbe au kishada cha nywele kwenye uti wa mgongo karibu na makalio. Anayekoroma kila usiku na kupumua kwa shida usingizini achunguzwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, maana kukatika kwa pumzi usiku nako huchangia kuloa. Kwa wasomaji wengine ambao watoto wao walikuwa wakavu angalau miezi 6 kisha wakaanza upya, huko ni kisa tofauti. Pamoja na vipimo, ulizeni kilichobadilika: mtoto mpya, msiba, kuhama, wazazi kutengana, kuonewa shuleni, au mtu mzima anayemfanyia asilothubutu kulisema. Mazungumzo hayo yafanywe na mtu anayemwamini, kwa utaratibu.

Usitarajie vipimo vingi. Daktari atauliza maswali, atampapasa tumbo, atatazama mgongo na miguu, na mara nyingi kipimo cha mkojo kinatosha. Picha na vipimo vya damu si vya kila mtoto. Beba ile karatasi ya vipimo vya jagi, pamoja na tarehe za haja kubwa za wiki mbili. Na ukiambiwa "ataacha akikua" kabla hujaulizwa habari za choo, litaje mwenyewe, uombe atazamwe tumbo.